India Ilivyoliwa Nyuma ya Ghala

Miaka ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima huko Vudee, milimani juu ya mji wa Same. Somo lililonishinda lilikuwa unyonyaji wa kikoloni. Wanafunzi wangu walilala hata kabla sijaugeukia ubao.

Nilipoteremka Same kununua chaki, nikamlalamikia mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa pale pale mjini. Akanikalisha juu ya gunia la mchele wa Kihurio akanipa habari za kwao India. Alisema kwamba zamani, kabla baba yake hajazaliwa, Wahindi waliosoma walianza kujiuliza kwa nini nchi inayolima namna ile inakufa njaa. Wakaandika kwamba si uvivu, bali utajiri unatolewa kila mwaka na haurudi. Kodi ya mkulima inawalipa wakubwa wa Kiingereza, nao wakistaafu wanakwenda kuila pensheni yao kwao. Pamba inaondoka kwa bei ya kutupa, inarudi nguo kwa bei ya kuumiza.

Nikapanda mlima na igizo kichwani. Shangazi yangu akawa India, kajifunga khanga mbili mithili ya sari. Mwinjilisti wetu, mtu mnene na mpole, akawa Mwingereza, sufuria kichwani badala ya kofia. Pamba hatukuwa nayo, basi shangazi akatoa mkungu wa ndizi mbivu aliotaka kuupeleka sokoni. Mwingereza angezipeleka nyuma ya ghala la kijiji, ndiko Uingereza, kisha arudi kumwuzia mwenyewe kana kwamba ni nguo.

Siku ya igizo alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Mambo yalianza vizuri. Mwingereza alibeba chane baada ya chane, hii kodi, hii mshahara, hii pensheni. Halafu hakurudi. India ikasubiri, ikarekebisha sari, ikanitazama. Nikajaza muda kwa kueleza habari za reli.

Hatimaye Mwingereza akatokea, sufuria imemwendea upande, mikononi kabeba maganda. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa hajala tangu asubuhi.

“India,” alisema kwa upole, “nguo zako hizi hapa.”

Shangazi akasahau igizo. “Ndizi zangu ziko wapi?”

“Zimebaki Uingereza.”

Darasa zima liliangua kicheko. Shangazi akamvua sufuria, maana nayo ilikuwa yake, akamkimbiza nayo hadi kanisani. Mkaguzi alifuta machozi akasema hajapata kuona somo likaingia namna ile.

Jioni shangazi, bado yumo ndani ya sari, aliniuliza kama wale Wahindi walirudishiwa mali yao. Nikamwambia hawakurudishiwa, ila waliandika na kubishana miaka mingi, na waliowafuata wakaendelea hadi wakajitawala.

“Walikuwa na subira, mwanangu,” akasema. “Mimi soko langu ni kesho.”

Akachukua panga, nami nikamfuata hadi mgombani kwa mwinjilisti. Tulimkuta amekaa kando ya mkungu alioukata mwenyewe, mzuri kuliko ule wa kwanza. Kwenye chane ya juu palikuwa na pengo la ndizi mbili. Shangazi aliliangalia kwa muda, akaniamuru niubebe.