Mfano wa Mkufunzi

Ofisi ilitupeleka semina ya siku moja hapa Dodoma, tukafundishwe istilahi za usalama wa taifa: maslahi, tishio, chanzo cha habari. Asubuhi nzima nilinuna tu, chai imepoa na maandazi magumu. Mchana mkufunzi akatoa mfano: nyumba ina geti la kijani na mzabibu ukutani, mgeni kutoka nchi jirani amekaa wiki tatu, mjumbe wa nyumba kumi hana habari.

Kalamu ilinidondoka. Geti lile nililipaka rangi mwenyewe. Mgeni ni shemeji yangu wa Burundi.

“Mwenye nyumba huyo tumwiteje?” akauliza, akinikazia macho.

Nikasimama. “Tishio.”

Wenzangu wakapiga makofi. Mkufunzi hakupiga, alikuwa anaandika.