Siku Niliyoelekezwa Njia na Mgonjwa wa Macho

Nakiri mwenyewe kabla hamjaniuliza: ndiyo, yule mwanamke aliyesimama juu ya paa la gari katikati ya mbuga, amevaa bukta ya njano ya mumewe na tope limemfika kwenye nyusi, ni mimi. Ile video imezunguka Bariadi nzima, ikafika mpaka kwetu Malampaka, mama mdogo akanipigia simu kuuliza kama nimerogwa, kwa hiyo sina tena cha kuficha. Ila mlichokiona ni mwisho wa habari. Mwanzo hamuujui, na huo mwanzo ndio unaonichoma zaidi ya bukta.

Mume wangu, Baba Kulwa, ana kiroba. Kila mwaka mvua zikianza anakitoa stoo, anakijaza jembe, panga, kamba ya katani, vipande viwili vya mbao vya kuweka chini ya tairi, dumu la maji, blanketi, tochi na mkate (mkate anaubadilisha kila baada ya siku tatu, mimi na watoto tunakula ule wa zamani), halafu anakitupa nyuma ya gari na hakitoki mpaka kiangazi. Zamani aliwahi kukwama mbuga za Meatu akalala siku mbili ndani ya gari, tangu hapo huwezi kumwambia kitu. Mimi nilikuwa namcheka. Nilikuwa namuuliza kama anahamia porini atuage vizuri.

Sasa mwezi ule alisafiri kikazi kwenda Mwanza, na huku nyuma tukasikia madaktari wa macho wamekuja mjini, watakaa siku tatu tu, wanatoa mtoto wa jicho. Baba mkwe wangu, ambaye anaishi kijijini ndani ndani huko Sapiwi, jicho la kushoto lilishakufa zamani na la kulia lilikuwa linaona vivuli tu. Alikuwa ameacha hata kwenda zizini, maana alishampiga fimbo mbuzi wa jirani akidhani ni mbwa. Kwa hiyo hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona: asipofika kabla madaktari hawajaondoka, atasubiri wengine, na hao wengine hakuna aliyejua watakuja lini. Baba Kulwa akanipigia, "Mama Kulwa, nenda kamchukue mzee kesho, siku ya mwisho, ukachelewe popote ila si hapo." Nikasema hamna shida, leseni ninayo, gari lipo.

Basi jioni nikaliosha gari. Na hapo ndipo nilipojiharibia. Nikakiangalia kile kiroba, kina tope la mwaka juzi, kinanuka panya, nikasema mkamwana mzima nimpakie baba mkwe na uchafu huu? Nikakitoa, nikakiegemeza nyuma ya mlango wa stoo, na mahali pake nikatandika vitambaa vyangu vya kudarizi kwenye viti vyote, vyeupe, vile vya sebuleni vya wageni. Gari likawa kama bibi harusi. Nililala na furaha.

Asubuhi saa moja nilikuwa nimefika, nimepiga magoti, "Mwangaluka, baba," tumeulizana habari za watu, za ng'ombe na za shamba mpaka zikaisha, mama mkwe kanipa mfuko wa matobolwa (vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa), mzee kaingia. Kaingia nyuma, tena upande usio nyuma yangu moja kwa moja, kwa sababu kwetu mkamwana na baba mkwe hawakai bega kwa bega, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na kubwa kuliko yote, mkamwana habishani na baba mkwe. Mama yangu alinifundisha hivyo tangu nikiwa mdogo: akisema jua linatoka Mwanza, wewe sema ndiyo baba. Na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, jamani, kazi yangu kutwa nzima ni kuwaambia watu wamekosea!

Tukaenda vizuri kama nusu saa, mvua inanyunyiza. Tukafika pale njia inapogawanyika, nikapunguza mwendo, na mzee akasema kutoka nyuma, "Tumefika kwenye mkwaju?"

"Ndiyo, baba."

"Kata kushoto. Njia ya ng'ombe. Kulia kuna mzunguko, tutachelewa."

Nikaangalia kushoto. Kulikuwa na mbuga, bonde la udongo mweusi tititi wa kunata, na juu yake maji yanametameta mpaka kwenye miti ya mbali. Bata wangeweza kuogelea pale. Nikakohoa. Nikasema kwa adabu zangu zote, "Baba, sijui kama leo pamekauka."

"Pamekauka," akasema, ameielekeza shingo dirishani kama afisa wa barabara. "Napaona kabisa. Ng'ombe wamepita juzi hapo, gari litashindwa nini?"

Nyie, nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba huyu mtu nampeleka kutibiwa macho, na anachoniambia anakiona hakioni, na maji ninayaona mimi. Na bado nikasema "Ndiyo, baba," nikakata kushoto. Chekeni tu.

Hatukufika mbali. Gari liliingia kwa mbwembwe, likateleza, likaonyesha kiuno, halafu likakaa. Nikakanyaga mafuta, tairi zikalia, tukashuka chini zaidi. Tope la mbuga mnalijua, halikuachii ukilibembeleza wala ukiligombeza, na kila ukikanyaga unatoka na kilo mbili kwenye kila mguu.

"Toa jembe," akasema mzee kwa utulivu kabisa. "Mwanangu huwa anaweka jembe nyuma."

Nilishuka nikafungua nyuma nikajifanya natafuta, nikakuta bukta ya Baba Kulwa ya mpira wa maveterani na kifuniko cha sufuria, basi. Sketi yangu ya ofisini ilikuwa imebana, kuipandisha mbele ya baba mkwe ni mwiko (hata kama haoni, Mungu anaona), nikajificha nyuma ya gari nikavaa ile bukta, nikaanza kuchimba na kifuniko cha sufuria. Nilichimba hadi mikono ikafa ganzi. Tairi zikahitaji kitu cha kukanyaga, mbao hakuna, nikaweka mazulia ya gari, yakamezwa. Nikaweka kitenge changu kipya, kikamezwa. Nikasimama kwenye mvua nikiangalia vile vitambaa vya kudarizi, miezi minne ya mkono wangu, nikavitoa kimoja kimoja nikavitandika chini ya tairi huku nalia, navyo vikamezwa.

Baridi ikaingia, upepo ule wa mbugani, nguo zimelowa na blanketi liko Bariadi limelala nyuma ya mlango. Mzee alikuwa anatetemeka. Akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, washa gari tupate joto." Na bomba la moshi lilikuwa limezama lote topeni! Baba Kulwa alishanisomesha hilo mara mia, kwamba bomba likiziba moshi unarudi ndani, mnalala usingizi wa moja kwa moja. Hapo ilibidi nikatae, ila kukataa siwezi, nimeshawaambia. Kudanganya, kumbe, naweza. Nikasema, "Mafuta yamekwisha, baba." Nikavua koti langu nikalining'iniza kwenye kiti cha mbele ili alichukue mwenyewe, maana kumpa mkono kwa mkono pia ni shida.

Ikafika saa tano, njaa. Matobolwa yapo, lakini tutakulaje ndani ya kigari kile, mimi na yeye? Basi nikamwekea mfuko kwenye kiti, nikashuka kwenye mvua nikasimama nimelipa gari mgongo mpaka nikasikia amekohoa mara mbili, ikiwa ni ishara kwamba ameshiba. Halafu yeye, mzee wa watu, mgonjwa, akashuka na mwavuli wake, akashika bodi ya gari akasimama kwenye tope ili na mimi nile! Nilikula haraka mpaka nikakabwa, nikitafuna na kujiuliza ni nani aliyetutuma.

Simu haikuwa na mtandao. Nikainyanyua huku, nikainyanyua kule, hakuna. Mahali pa juu palikuwa pamoja tu, paa la gari. Mkamwana kusimama juu ya kichwa cha baba mkwe, naye yuko ndani! Nikasema, "Baba, samahani," nikapanda. Bati likalia chini ya miguu yangu, mzee akasema, "Mvua ya mawe hiyo?" Mtandao ukaja. Baba Kulwa akapokea.

"Mmefika?"

"Tumekwama mbugani."

"Sawa, usiogope, chukua kiroba..."

Nikakiangalia kifuniko cha sufuria kule chini topeni.

"Mama Kulwa. Kiroba kiko wapi?"

"Nyuma ya mlango wa stoo."

Akasema taratibu, "Mpe baba simu."

"Siwezi, niko juu ya paa."

"Paa la nini?" Simu ikakata. Na ndipo nilipogeuka nikaona ng'ombe wanakuja, wengi, na watu kama ishirini nyuma yao, walikuwa wanaelekea mnadani, na wote wamesimama wananiangalia, na jamaa mmoja ameshanyanyua simu yake anarekodi. Hiyo ndiyo video yenu.

Sitawasema vibaya wale watu. Walicheka kwanza mpaka wakashika magoti, lakini walisaidia. Kati ya ng'ombe wao kulikuwa na maksai wanne waliozoea jembe, wakaazima nira na mnyororo nyumba ya jirani, wakafunga. Mzee akashusha kioo, akaanza kutoa amri kwa Kisukuma, huyo wa mbele asipigwe, yule wa kulia avutwe kwanza, na alikuwa sahihi kila mara, anawajua ng'ombe kwa kusikiliza pumzi zao. Nikaona kumbe tutawahi. Ilikuwa saa saba kasoro.

Halafu mzee akawaambia, "Lakini msivute bado, halina mafuta. Mkilitoa litakwenda na nini?"

Jamani. Nilifungua mdomo. Niseme nilimdanganya baba mkwe, mbele ya watu ishirini na simu inarekodi? Nikaufunga. Wakamtuma mtu kijijini kwa miguu akatafute petroli, na tukamsubiri saa nzima, mimi nimesimama kwenye tope na bukta, tangi langu limejaa hadi shingoni! Akarudi na chupa ya lita moja na nusu, akamimina, ikafurika yote ikamwagika chini. Akaniangalia. Mimi nikaangalia mawingu.

Maksai wakavuta, gari likatoka na sauti ya mtu anayebusu, tukarudi kwenye mkwaju tukapita njia ya kulia, ile ya mzunguko niliyojia asubuhi. Ilikuwa kavu, ina kifusi kipya. Tulitumia dakika arobaini.

Tulifika hospitali saa tisa inakaribia. Nesi alinikimbilia mimi na kiti cha magurudumu, "Mama, ajali imetokea wapi?" Nikamwambia mgonjwa ni huyu, na mzee alikuwa msafi kabisa, koti langu begani kama diwani. Akasema pole, wameshafunga, vifaa vinapakiwa. Na kweli mlangoni kulikuwa na masanduku.

Sijui nini kilinipanda. Nilipaza sauti ile ya uwanjani, ya mstarini, ambayo watoto mia nane huwa wananyamaza. Nikasema, "Hamfungi! Mzee huyu amekaa kwenye tope tangu saa mbili, ametolewa na ng'ombe, na hatoki hapa haoni! Mtafungua hilo sanduku sasa hivi!" Korido nzima ikageuka. Baba mkwe alikuwa hajawahi kunisikia nikizidisha maneno matano. Daktari akatoka chumbani, akaniangalia kuanzia nyusi hadi bukta, akasema, "Mwingizeni."

Kesho yake asubuhi wakamfungua bandeji. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni, nimeoga, nimevaa gauni refu kuliko yote niliyo nayo. Akapepesa, akaangalia ukuta, akaangalia vidole vyake, machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Akashukuru, wabeja, wabeja sana. Kisha akanigeukia kidogo, macho akayashusha chini kama inavyotakiwa.

"Mayu. Pale kwenye mkwaju. Kulikuwa na maji?"

"Ndiyo, baba."

"Mengi?"

"Mengi, baba."

"Uliyaona?"

"Niliyaona."

"Mimi nilikuwa sioni kitu," akasema. "Niliona aibu kukwambia. Nikasema nitaje kushoto tu, huyu mwalimu ana macho, kama ni pabaya si atasema?"

Masaa sita, wapendwa. Masaa sita topeni, vitambaa vinne, kitenge kipya na heshima yangu mji mzima, kumbe kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake adabu. Kiroba kimerudi garini na hakitoki tena, hata kiangazi, hata kinuke vipi. Na nimeapa: magoti nitapiga, nyuma nitamkalisha, nitashuka kwenye mvua ili ale, lakini nikiwa nimeshika usukani na yeye akasema kushoto, na kushoto kuna maji, nitasema, "Hapana, baba." Juzi nilimrudisha kijijini, tukafika upande wa pili wa ile njia ya ng'ombe, akasema tukate humo, nikajaribu. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.