Ng'ombe Aliyekula Godoro la Mama

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiiwaza mwili unanisisimka. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, na kesho yake wageni wa posa walikuwa wanapanda kutoka Makanya kuja kwetu mlimani. Nilifagia, nikapiga deki, kisha nikatazama uwanja. Kando ya zizi kulikuwa na rundo la mabua ya mahindi, refu kunishinda. Nikaona aibu. Watu wa barabarani watasema tunaishi jalalani! Mama alikuwa amekwenda kuteka maji. Nikawasha kiberiti.

Aliporudi alikuta majivu. Ndoo ikamdondoka.

"Umefanya nini?" Sauti yake sikuitambua. "Ng'ombe atakula nini mpaka mvua?"

Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakimlea mdogo wangu, mtoto dhaifu aliyekataa uji na kila kitu kingine. Na nilijua! Kila asubuhi nilimnywesha mimi mwenyewe, ila sikuwahi kufikiri kwamba kikombe kile kilianzia kwenye mabua.

Nilisubiri fimbo. Badala yake mama aliingia ndani, akatoka na godoro lake. Zamani hizo tulilalia magodoro ya majani makavu. Akachana mshono kwa kisu, akayatoa majani, akayanyunyizia maji ya chumvi yapate ladha, akamwekea ng'ombe. Ng'ombe akala kitanda cha mama yangu, mimi nimesimama natazama.

Wageni walipofika, shangazi wa kijana aliyeniposa hata hakuitazama sakafu yangu. Aliitikia shikamoo zetu, akazunguka zizini, akarudi amekunja uso.

"Nyumba ina ng'ombe, haina bua hata moja? Mtavukaje kiangazi?"

Mama akanitupia jicho, akasema, "Moto ulitupitia, dada."

Alinifichia kosa! Baada ya yote yale, alinifichia. Nikaangua kilio mbele ya wageni. "Shangazi, moto niliuwasha mimi."

Wageni wale hawakurudi tena na posa yao, wala sikuwalaumu. Majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Sasa nawaona vijana mmevuna, mnachoma mashamba, ati mnasafisha, na moyo unanishtuka vilevile. Mabua hayo hulisha mifugo, huzuia unyevu usikauke kwenye mashina ya kahawa, huezeka banda, huchochea jiko. Ukiyaacha yaoze, shamba linashiba. Basi mwanangu, kabla hujakiita kitu taka, uliza nani anakitegemea. Uliza hata kama unajiona mjanja, maana mimi nami nilijiona hivyo. Na ukikosea, usimwache mzazi wako aseme uongo kwa ajili yako. Sema mwenyewe, hata kama utapoteza mchumba.

Mungu akupe subira mkononi na huruma moyoni, na kila anayekula kwa jasho lako ashibe. Amina.