Komwe Moja kwa Kila Kaya

Nilikuwa na miaka tisa niliposikia, nikaamini kwa moyo wote, kwamba nyumba yoyote ya mtaa wetu wa Dunda itakayopigwa alama nyekundu ya X itanyanyuliwa nzima kwa winchi, ipakiwe melini na kupelekwa Ujerumani ikawekwe makumbushoni, wenyewe wakiwa ndani wanakunywa chai. Binamu yangu Shebe aliapa kwamba hata kikombe hakimwagiki. Nikaanza kujiandaa kwa baridi ya huko. Nililala na soksi, nikajifunza kutetemeka, na wiki nzima nilikataa kuoga nisije nikamaliza joto la mwili. Katika kuamini mambo, Bagamoyo nzima haikuwa na bingwa kama mimi.

Na nyumba yetu ilistahili safari. Ilikuwa ya bibi yangu aliyenilea, Bi Zuhura. Nyumba ya mawe na chokaa, yenye mlango wa nakshi ulioliwa na mchwa, na mbele yake baraza ambalo kwa kumbukumbu zangu lingeketisha nusu ya Tanzania. Asubuhi lilinuka ukili na rangi zinazochemka, maana wanawake wa mtaa walisukia mikeka pale. Jioni lilinuka kahawa. Maharusi walipakwa hina pale, na wafiwa walikaa pale. Ng'ambo ya kichochoro, hatua sita tu, aliishi Bi Rukia, rafiki wa bibi tangu usichana, aliyevuka kila alfajiri kuomba kaa la moto na hakuwahi kurudi bila umbea.

Ndipo wakaja watu wa mipango miji. Kichochoro chetu kingekuwa barabara, wakasema, na barabara lazima imege upande mmoja, ama wetu ama wa Bi Rukia. Lakini mpango ni shirikishi, wenye mtaa watachagua wenyewe. Wakatandika ramani juu ya mkeka kwenye uwanja wa madrasa. Afisa wao, kijana mwenye tabasamu la kutosha watu wanne, alikuwa amesikia kwamba tunapenda bao, basi akagawa komwe, zile kete za bao, moja kwa kila kaya. Kila mmoja aiweke pale ambapo hataki paguswe. Maskini, hakujua kwamba kwetu mtu hajisemei. Ukisifiwa mwanao, unasema ni mtundu tu. Ukiwa na njaa ugenini, unasema umeshiba mpaka mwenyeji akuvute mkono. Wewe unamsemea jirani, jirani anakusemea wewe, na hivyo kila mtu anapata haki yake bila kuvunja adabu. Komwe zikaenda msikitini, kisimani, makaburini. Hakuna aliyegusa nyumba yake. Mwisho wakabaki wanawake wawili.

"Tangulia, dada Zuhura," Bi Rukia akasema. "Wewe ndiye mkubwa."

Bibi akainama, magoti yakalia, akaweka komwe yake juu ya nyumba ya Bi Rukia. "Hii isiguswe. Mwenzangu kazaa watoto sita humo."

Bi Rukia akaishika yake muda mrefu, kama anayeisomea dua. Kisha akaiweka palepale, juu ya nyumba yake mwenyewe. Ikagonga ile ya bibi, ta!

"Na nyumba hii ya pili?" afisa akauliza. "Hakuna anayeisemea?"

Watu wote wa mtaa walikuwapo. Wengi wao walikuwa wamekaa kwenye baraza lile asubuhi ileile. Wakatazama vidole vya miguu yao. Bibi akajifunga kanga vizuri. "Mie nimeshasema langu, mwanangu," akajibu. Afisa akaandika, tukapigwa picha, zikaletwa soda. Nilikunywa hadi nikawa chupa.

Siku ya kupiga rangi nilimbembeleza mpakaji aichore ile X iwe kubwa zaidi, ionekane hata kutoka melini. Nikakimbia mtaa mzima nikipiga kelele, "Tunakwenda Ujerumani!" Bi Rukia alikuwa mlangoni kwake. "Usisahau kuniletea sweta, baba!" akaniitikia. "La kijani!" Watu wakacheka, na mimi kuliko wote. Bibi alikuwa anachana ukili barazani. Hakucheka, wala hakunikanya. Kesho yake, kabla katapila halijaja, tukaenda Miono kwa kaka yake. Kila nilipouliza kama nyumba imeshafika, bibi alisema, "Kula muhogo wako." Alifia hukohuko, akisuka mikeka ndani, peke yake.

Leo nina cheti changu cha shule ya jioni, na mkutano wa mipango haunipiti. Siku hizi kila mtu anajisemea; akishika kipaza sauti, haachii mpaka betri iishe. Na mimi ndiye mbaya kuliko wote. Nyumba zinapona kuliko zamani, lakini hakuna anayemsemea mwenzake. Habari za winchi niliacha kuziamini zamani, ila kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia mawe yalikwenda wapi, kichwani mwangu yaliendelea kusafiri. Mwezi uliopita nilipita kwa Bi Rukia, ambaye sasa ana duka linalotazama barabara. Nikamwamkia, nikamtania, "Ile nyumba yetu, bibi, tangu ifike Ujerumani haijatuma hata salamu."

Hakucheka. Akagonga sakafu kwa mkongojo.

"Haikwenda mbali, mwanangu. Kifusi chake nilikiomba siku ileile, nikajazia sakafu hii. Vua viatu, uingie."