Ng'ombe Aliyeacha Kucheua

Miaka ile ya sabini nilikuwa mke mpya, Mpimbwe niliyeolewa kwa Wasukuma waliohamia karibu na Kibaoni na mifugo yao. Kosa lilikuwa langu. Nilikwenda kisimani bila kufunga ghala, na ng'ombe wa maziwa wa mama mkwe akaingia, akala mahindi mpaka akashindwa. Kesho yake alisimama tu, macho yamezama, hacheui.

Mama mkwe hakunigombeza. Alikaa chini karibu na ng'ombe wake akimfukuzia nzi, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikaenda kumwita bwana mifugo.

Alimpapasa ubavuni, akaweka sikio. "Tumbo limelala," akasema. "Leo wanachinja sokoni?"

"Wanachinja."

"Chukua ndoo, twende."

Sokoni aliomba tumbo la ng'ombe aliyechinjwa muda ule ule. Majani yaliyokuwa ndani akayakamua kwenye kitenge changu, yakatoka maji ya kijani, ya moto bado, yananuka vibaya. Nilifunika ndoo nikaikumbatia njia nzima isipoe.

Mama mkwe akaziba pua. "Mwanangu, unataka kumnywesha mavi?"

"Siyo mavi, mama," bwana mifugo akasema. "Majani ni sukari iliyofungamana kwa minyororo migumu, ng'ombe mwenyewe hawezi kuikata. Vijidudu vya tumboni ndivyo vinatoa vimeng'enya vya kuikata. Vya huyu vimekufa kwa ule uchachu wa mahindi. Tunampa vya mwenzake."

Mama mkwe alimtazama, akanitazama mimi, kisha akashika pembe za ng'ombe mwenyewe. Bwana mifugo akamnywesha kwa chupa, kidogo kidogo, mpaka ndoo ikaisha. Nilinuka siku nzima.

Kesho yake jioni ng'ombe alichuma majani kidogo. Asubuhi iliyofuata nikasikia naitwa: "Mkamwana! Njoo uone!"

Taya zilikuwa zinakwenda taratibu, kushoto, kulia. Tukakaa chini wote wawili tukimwangalia anavyocheua, uji ukapoa jikoni.

Baadaye mama mkwe aliniuliza vile vimeng'enya nitaviitaje kwa Kisukuma. Kisukuma changu kilikuwa cha kuombea maji. Akafikiri, akasema viitwe watwangaji, maana kazi yao ni hiyo. Wageni wote waliokuja mwezi ule walisimuliwa habari za watwangaji wa tumboni, na kila mara aliongeza kwamba ndoo ilibebwa na mkamwana wake. Habari za mlango wa ghala hakuzitaja kamwe.