Ngazi za Sinema na Mchele wa Hajji

Ukifungua albamu ya harusi katika nyumba nyingi za Kasese, utazikuta ngazi zilezile. Ni ngazi pana za terazo, zinapinda kuelekea roshani ya jumba la sinema, na pembeni kuna kishikio cha shaba. Wazazi wangu wamo humo, vijana, wamenyooka kama wanapigiwa gwaride. Baba ni askari mstaafu aliyeletwa kambini hapa kutoka Arua, na siku ya harusi yake hakuna ndugu aliyeweza kusafiri. Akawatumia picha. Walipoiona, wakaamini lile jumba ndiyo nyumba ya wakwe zake, na kwa miaka mingi walimwogopa mama kabla hawajamjua. Baba hakuwasahihisha.

"Sikuulizwa," husema mpaka leo.

Mimi sijaona filamu hata moja mle ndani. Nilipozaliwa, pazia jeupe lilikuwa limeshaondolewa na viti vimeuzwa. Ninachokijua ni cha mama: kwamba wakubwa wa mgodi wa shaba wa Kilembe walikaa roshani, wachimbaji na askari walikaa chini, wengi wao hawakuijua lugha ya filamu, na bado walilia wote kwenye kipande kilekile. Siku hizi jumba ni la Hajji mmoja, mfanyabiashara wa nafaka, na analitumia kuhifadhi mchele wa mashamba ya Mubuku. Mwaka huu mavuno yalikuwa mazuri mno, magunia yakajaa ukumbi, yakapanda mpaka ngazini. Tena zikaja habari kwamba atazivunja ngazi zenyewe ili lori lipate kuingia kwa kurudi nyuma.

Habari hizo zilitufikia dada yangu akijiandaa kuolewa na kijana wa Bwera, kule mpakani, wa familia ya wasafirishaji. Upande wa bwana harusi ulipendekeza picha zipigwe katika bustani ya hoteli. Dada akakataa.

"Bustani iko kila mahali," alisema. "Nikah msikitini, picha ngazini, halafu karamu Bwera. Bila ngazi mimi sipandi gari." Kisha akanigeukia. "Wewe si ulisomea historia? Nenda ukazitetee."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilipanga hoja: usanifu wa jumba, enzi za mgodi, kumbukumbu za watu. Tatizo lilikuwa kishikio. Mjini wote husema shaba yake ilichimbwa Kilembe, hapo juu bondeni, lakini sikuwa na ushahidi. Nikilitaja hilo naye akaniuliza nimelijuaje? Nisipolitaja, si nimeiacha hoja yangu nzuri kuliko zote? Na nikimwambia kishikio kina thamani, si ataking'oa akiuze?

Hajji amekifanya chumba cha kukatia tiketi kuwa ofisi yake. Nilisimama nje ya kidirisha kama mtu anayetaka kuingia kuona filamu, nikaongea mpaka koo likakauka. Alinisikiliza bila kuacha kuchokoa meno.

"Mutoto wangu," akasema mwishoni, "mimi baba yangu alikufa akaniachia ng'ombe. Hiyo ndiyo urithi. Hii nilinunua. Sasa sema, unataka nini?"

"Ngazi, Hajji. Jumamosi. Dada yangu anaolewa, anataka picha."

"Si ungeanza hapo!" Akayatazama magunia. "Lakini vibarua wangu Jumamosi wako Mubuku. Mutatoa wenyewe, na mutarudisha wenyewe. Gunia ikipasuka, ni ya kwenu."

Nilishukuru, nikaenda zangu, na sikumwambia mtu lile sharti. Niliogopa wakwe wangeona tunawadharau. Kila siku nilisema nitasema kesho, mpaka Jumamosi ikafika, nikah ikafungwa, na msafara mzima ukasimama mbele ya ukuta wa mchele.

Dada alishuka garini na gauni lake akiwa amelikusanya kwa mikono miwili.

"Profesa," akaniambia, "uliongea na Hajji, ama uliongea na magunia?"

Ikabidi nieleze. Macho ya dada yalianza kujaa machozi. Kisha ami yake bwana harusi, mtu mnene mwenye koti la gharama, alilivua lile koti akamkabidhi mkewe.

"Sisi ni batu ya lori," alisema. "Munafikiri muchele itatushinda?"

Baba alikuwa ameshapanda juu ya magunia. "Mstari mmoja! Pokea, pitisha! Hakuna kuburuta!"

"Ndiyo, afande!" wakaitikia kwa kicheko, hata wasiomjua.

Magunia yakashuka mkono kwa mkono, kanzu nyeupe zikageuka kijivu. Shangazi zangu walimfunika dada kwa vitenge kumkinga na vumbi. Ngazi ya chini ilipoonekana, mama alivua viatu, akainama na kuifagia kwa ushungi wake. Bwana harusi akakifuta kishikio kwa leso mpaka kikang'aa. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kueleza kwa nini jumba lile lina maana, na sasa hapakuwa na wa kumweleza. Kila mtu alikuwa na gunia mkononi, na mimi nikapokea la kwangu.

Dada akapanda. Mama akamwonyesha pa kusimama, akamwambia anyanyue kidevu. Picha ikapigwa.

Tulipoanza kuyarudisha magunia, mzee mmoja aliyekuwa akipita barabarani na mkewe akamwomba mpiga picha awapige nao, kwa sababu walipofunga ndoa yao hawakuwa na picha. Nyuma yao wakaja wengine wawili. Foleni ikajipanga. Hajji akatoka kwenye chumba chake cha tiketi.

"Wacheni magunia kwanza," alisema. "Hawa watu waishe."

"Na ngazi, Hajji?" baba akauliza. "Utavunja?"

"Mzee, leo iko harusi. Usinipige maswali mbele ya bibi harusi."

Alisimama akiitazama foleni. Halafu akatoa simu, akatugeuzia mgongo.

"Vaa ile ya Idi, ukuje hapa stoo," tulimsikia akisema. "Hapana, hakuna mutu amekufa. Wewe vaa tu."

Tulichelewa sana kufika Bwera. Dada yangu alikataa msafara uondoke kabla mke wa Hajji hajafika.