Jimu ya Jihadi, Jimu ya Mahindi

Wewe msomaji unaudhi. Nikiandika kuhusu Marekani na Waislamu, unataka ramani na majina ya marais. Leo sina. Nina jirani yangu hapa Peshawar, Pakistan, Ustadh Torialai, mwandishi wa hati za mapambo, mkimbizi wa Logar kule Afghanistan, miaka sabini na moja.

Mwaka 1986 Wamarekani walikuwa wanampiga Mrusi kwa mikono yetu Waafghani. Ofisi yao moja hapa mjini ikamwajiri Ustadh aandike kwa mkono kitabu cha alfabeti cha watoto. Herufi jimu, jihadi. Pembeni bunduki, imechorwa kwa upole kama ua. Wakampa cheti, wakapiga naye picha. Chini ya ukurasa akatia sahihi kama waandishi wa hati wanavyofundishana: "Ameandika fakiri Torialai."

Mwaka 2002 wakarudi. Sasa wanawawinda walewale waliokuwa wakiwaita mashujaa. Kitabu kipya, haraka! Jimu ikawa ya jwar, yaani mahindi. Ustadh akaandika mahindi.

"Herufi ni ileile," aliniambia siku moja huku akicheka. "Wamebadilisha tu inachokula."

Mimi sikucheka. Inanitia kinyaa mpaka leo.

Mwezi huu polisi wa hapa wamewaambia Waafghani wafungashe, mwisho tarehe thelathini. Logar harudi, maana wanaotawala kule wanajua alimfanyia kazi nani. Imebaki viza ya Marekani tu. Akaitwa kwenye usaili, alete ushahidi kwamba aliwatumikia.

Akapeleka kitabu. Cha jihadi!

Afisa alikuwa msichana, sawa na mjukuu wake. Akafungua jimu, akaona bunduki, akaona jina.

"Sahihi hii ni yako?" mkalimani akauliza.

"Yangu, binti yangu," Ustadh akamjibu afisa, kifua mbele. "Tazama mkunjo wa herufi ulivyokaa."

Akatoa na cheti. Wakamwambia ofisi hiyo ilifungwa zamani, hakuna wa kuthibitisha. Siku ya tatu barua ikaja: amekataliwa, aliwahi kueneza msimamo mkali. Yaani bidhaa yao wenyewe, waliyoiagiza na kuilipia!

Nilikuwa pale uani mkewe, Bi Zarghuna, aliposomewa.

"Mzee, una wazimu? Si ulikuwa navyo vyote viwili? Cha mahindi ulikiacha ya nini?"

"Cha mahindi nilikiandika mbiombio, mama watoto. Hati ya aibu ile. Nitamwonyeshaje mtu?"

"Haya, hiyo hati yako nzuri tukailalie wapi?"

 

Na msiniambie alikosea. Alikosea, ndiyo. Alidhani wanaompa mtu kazi wanaikumbuka. Aliyeamua bunduki ikae kwenye kitabu cha mtoto wa miaka sita yuko kwao na pensheni yake. Hakuna anayemwita kwenye usaili wowote.

Rufaa inafungwa Alhamisi. Inataka barua moja tu, ya mtu aliyekuwa ofisini mle miaka ile. Kama ni wewe, au unamjua, acha kunitumia alama za kulia machozi chini ya makala. Andika kwamba nyinyi ndio mliomwagiza, uitume leo.